Nguo, Uko Wapi?

Ufunguo uliingia kwenye kitasa bila kusumbua, ukazunguka mara moja, na ulimi wa kitasa ukarudi ndani kwa mlio mkavu. Inspekta aliuchomoa, akaingia chumbani, akajaribu upande wa pili. Huko nako ulizunguka.

"Basi faili halikudanganya," alisema Koplo, aliyebaki kwenye korido, mikono nyuma. "Mtu akiwa ndani na ufunguo anao, anaweza kujifungia mwenyewe. Na akitaka, anajifungulia."

"Halikudanganya kuhusu kitasa," Inspekta alisema.

Kilikuwa chumba cha kukaushia shuka, nyuma ya jengo la kufulia la hospitali. Hakikuwa na dirisha. Mabomba sita ya mvuke yalipita sakafuni sambamba kama mistari ya daftari, na juu zilining'inia nyaya zenye kutu. Bomba la saba lilipenya ukuta wa nyuma kuelekea chumba cha boila. Miaka kumi sasa hapakuwa na aliyeanika kitu humo, tangu zilipoletwa mashine mpya jengo la pili. Ijumaa kingevunjwa kupisha wodi ya watoto. Siku hiyo ilikuwa Jumanne.

Fundi mkuu wa ujenzi alisimama mbali na mlango, kofia ya plastiki kwapani.

"Vijana wangu wamevunja vyoo, wamevunja jiko, wamevunja hata chumba cha maiti," alisema. "Hapa wamegoma. Wanasema Mama Shuka anaita."

"Anaita nini?"

"Ah, mama, usinichekeshe. Mji mzima unajua."

"Nataka kusikia kutoka kwako."

Fundi mkuu aliteremsha sauti. "Anagonga bomba mara tatu. Halafu anasema, 'Nguo... uko wapi?' Ukijibu, umekwenda na maji. Homa siku tatu, ya nne wanakuchimbia."

"Nguo za nani?"

"Za mtoto. Alizaa, akamtupa mtoto, akili ikamruka. Akajifungia humu, joto likammaliza. Sasa anatafuta nguo za mtoto, na mtoto mwenyewe anamuuliza, uko wapi. Ndiyo maana ukimjibu anakuchukua. Anadhani wewe ndiye mwanawe. Mjomba wangu alimwona, kajifunika shuka jeupe toka kichwani."

"Mtoto huyo ana miaka thelathini na minne," Inspekta alisema. "Ana kibanda cha kushona nyuma ya stendi. Hakutupwa popote."

Fundi mkuu alivaa kofia yake.

Waliketi kwenye ngazi za nje kusoma faili. Lilikuwa na kurasa kumi na moja tu. Ukurasa wa kwanza ulikuwa mpya: barua ya binti wa marehemu, akiomba uchunguzi ufunguliwe tena. Nyingine zilikuwa zimegeuka rangi ya chai. Palikuwa na maelezo ya msimamizi wa dobi aliyemkuta marehemu. Palikuwa na maelezo ya mtu wa boila, aliyesikia sauti. Na mwishoni, uamuzi wa katibu wa hospitali. Koplo aliusoma kwa sauti:

"'Marehemu alijifungia miezi minne iliyopita...' Samahani, Afande. 'Alijifungua miezi minne iliyopita, na kwa kuchanganyikiwa kulikotokana na uzazi, alijifungia katika chumba cha kukaushia. Ufunguo ulikutwa katika mfuko wa aproni yake. Alisikika akiita nguo na kumuuliza mtu asiyekuwepo yuko wapi.'" Akashusha karatasi. "Kujifungua, kujifungia. Maneno haya yana hila."

"Endelea."

"Yameisha. Amekufa, amezikwa, amekuwa mzuka." Alimkabidhi faili. "Kila mahali wapo, Afande. Kwetu yuko wa darajani, anaomba lifti. Shule niliyosoma alikuwepo wa bwenini, anachana nywele."

"Wote wanawake?"

Koplo alifikiri. "Wote. Wanaume tukifa tunachoka, haturudi."

"Mwanamume akifa vibaya hufunguliwa faili," Inspekta alisema. "Mwanamke hutungiwa hadithi. Na hadithi haina ukurasa wa mashahidi. Simama, twende kwa mshonaji."

*

Kibanda cha mshonaji kilijaa sare za shule za bluu. Mwenyewe alikuwa kwenye cherehani, tepu shingoni, pini tatu mdomoni. Alizitoa pini moja moja kabla ya kusalimia.

"Shikamoo dada. Nilidhani hamtakuja. Wa kwanza niliyempelekea barua aliniuliza kama nimetumwa na marehemu."

"Nimekuja kuuliza, si kuahidi," Inspekta alisema.

"Kuulizwa kwenyewe ni mara ya kwanza." Alivuta viti viwili. "Karibuni. Sitaki kitu cha hospitali, nisieleweke vibaya. Nina neno moja tu. Wameandika 'alijifungia'. Binti yangu ana miaka tisa. Darasani wenzake wanagonga dawati mara tatu wanamwambia, nguo, uko wapi. Jana aliniuliza kama bibi yake atakuja kumchukua. Nikamwambia bibi yako alikufa. Akasema, 'Najua, mama, ndiyo maana nauliza.'"

Koplo alitazama nje.

"Kuna kitu chochote cha mama yako kilichobaki?" Inspekta aliuliza. "Cha kazini."

"Aproni moja. Alikuwa nazo mbili, moja mwilini, moja kwenye kamba. Ya kwenye kamba bibi yangu mzaa mama aliitunza. Yeye ndiye aliyenilea. Siku ile alikuwa kanipakata mlangoni, ananisubirishia ziwa la saa saba."

Aliitoa kwenye mfuko wa nailoni chini ya meza ya kukatia. Aproni ya kaniki nzito, imefifia mpaka rangi ya majivu, imekunjwa mara nne. Inspekta aliikunjua mezani, akaigeuza, akaigeuza tena.

"Mfuko wake uko wapi?"

"Hauna." Mshonaji aliweka kidole katikati ya kifua cha aproni. "Ulikuwa hapa. Ona, pameiva zaidi, jua halikupafikia. Na vitundu vya sindano hivi. Umefumuliwa. Tena aliyefumua alitumia wembe na alikuwa na haraka, hapa amekata kitambaa. Mtu mwenye aproni moja hafumui hivi. Huyu alikuwa na nyingi za kumaliza."

"Kwa nini zifumuliwe?"

"Sabuni. Bibi alisema ilikuwa inatoweka, basi wanawake wote wakafumuliwa mifuko siku moja. Mama alirudi nyumbani akicheka, akasema leo hatuna pa kuweka hata leso."

Inspekta alifungua faili ukurasa wa tisa, penye maelezo ya msimamizi wa dobi, akalisukuma mbele yake, akaweka kidole kwenye mstari. Mshonaji alisoma polepole, midomo ikitikisika. Alipofika mwisho alirudi mwanzo.

"Ufunguo ulikutwa katika mfuko..." Aliinua uso. "Mfuko upi?"

"Hilo ndilo swali langu pia."

"Labda ile ya mwilini haikufumuliwa," Koplo alisema. "Nasema tu, Afande. Wakili atasema."

"Atasema, na atakuwa na haki. Kwa hiyo tutafute aliyeshika wembe." Inspekta aliikunja aproni kwa kufuata mikunjo yake ileile. "Naiazima. Utatia sahihi hapa, nami hapa."

*

Mtu wa boila alifika kesho yake saa sita mchana kwa baiskeli, akiisukuma badala ya kuipanda. Mji ulimwita Mzee Boila, ingawa boila yenyewe iliuzwa chuma chakavu zamani. Alikubali kukaa chumba chake cha kazi cha zamani, nyuma ya ukuta wa chumba cha kukaushia. Kwenye korido alikataa kukanyaga.

"Kule sijafika tangu siku ile, mwanangu. Usinilazimishe."

"Sikulazimishi, mzee. Nieleze kazi ilivyokwenda. Siku ya kawaida, si siku ile."

Hilo lilimtuliza. Alieleza kwa mikono: kuni huku, geji ya mvuke pale, toroli pembeni. Yeye alichochea moto na yeye huyohuyo alisukuma shuka zilizokauka kupeleka chumba cha pasi. Kengele haikuwepo. Mama wa zamu akimaliza, aligonga bomba mara tatu, akaita.

"Anaitaje?"

"'Nguo!' Basi. Kila mmoja na mapambo yake. Marehemu alikuwa akisema, 'Nguo, shemeji! Uko wapi?' Aliniita shemeji kwa utani tu. Nami nilimwita shemeji. Najibu, 'Nakuja, shemeji,' na siendi mpaka nimalize sigara. Akifika mlangoni ananitukana mpaka ninacheka."

"Sasa siku ile."

Mzee Boila alipangusa magoti yake, ingawa hayakuwa na vumbi.

"Saa saba, watu wote wamekwenda kula. Mimi nachochea. Nikasikia bomba, mara tatu. Nikasikia, 'Nguo, uko wapi?' Nikajibu, nakuja. Bomba tena. 'Nguo, uko wapi?' Nikajibu tena. Mara ya tatu sauti ilikuwa juu sana, nikasema moyoni, leo shemeji amekasirika. Asubuhi nilimtania kuhusu mtoto, kwamba kafanana na mimi. Nikasema, ngoja hasira imshuke."

"Halafu?"

"Halafu kimya. Nilipopeleka toroli, mlango umefungwa. Nikajua kachoka kungoja, kaenda kunyonyesha. Nikarudi kuchochea." Alitazama ukuta wa chumba cha kukaushia. "Katibu aliponihoji nilisema hayo hayo. Yeye ndiye aliyeona kwamba aliita nguo za mtoto. Mimi sikuona hivyo, lakini nani anamwuliza mtu wa kuni? Mwaka haujaisha nikasikia watoto wanaimba maneno yangu barabarani."

"Mzee, umesema alikasirika. Ulijuaje?"

"Hakusema shemeji."

Kalamu ya Inspekta ilisimama. "Hata mara moja?"

"Mara zote tatu. Nguo, uko wapi. Basi."

Inspekta aliinuka, akatoka uani, akazungumza na fundi mkuu. Baada ya dakika kumi vijana wawili walisukuma mashine ya kuchanganyia zege mpaka mlango wa chumba cha boila, wakaiwasha. Kuta zikaanza kutetemeka. Mzee Boila alitikisa kichwa kukubali: ndiyo, kelele ilikuwa kama hiyo, pengine zaidi.

"Koplo, kaa hapa na mzee," Inspekta alimwambia sikioni. "Andika kila utakachosikia. Neno kwa neno."

Alizunguka jengo peke yake, akaingia chumba cha kukaushia, akafunga mlango. Ndani palikuwa giza, mstari mmoja tu wa mwanga chini ya mlango. Alipapasa mpaka kwenye bomba la saba, akaligonga kwa jiwe mara tatu. Kisha akapaza sauti:

"Ufunguo uko wapi?"

Akasubiri. Akagonga tena, akaita tena. Mara ya tatu aliita kwa nguvu zake zote, na kabla mwangwi haujaisha, sauti ya Koplo ilipenya ukutani, ndogo, yenye heshima:

"Nakuja, Afande!"

Alipomfikia, mashine ilikuwa imezimwa na Koplo alikuwa amesimama mlangoni, daftari mkononi, amekunja uso.

"Samahani, nilikuwa njiani. Nguo gani, Afande? Aproni nimeiacha kwenye gari."

"Nisomee ulichoandika."

"Bomba mara tatu. Sauti ya Afande: 'Nguo, uko wapi?' Bomba mara tatu. 'Nguo, uko wapi?' Bomba..." Koplo alisita. "Nimekosea?"

"Nilisema ufunguo. Ufunguo uko wapi."

Koplo alitazama daftari lake kama vile limeandikwa na mtu mwingine. "Lakini nimesikia nguo."

"Umesikia mkia wa neno. Kichwa kimemezwa na mashine. Na kwa sababu ulisikia nguo, 'uko wapi' ukadhani ni wewe unayeulizwa. Angekuwa anauliza nguo angesema ziko wapi. Angekuwa anamwita mtu, angemwita kwa jina lake la siku zote." Inspekta alimgeukia mzee. "Hakuacha kukuita shemeji kwa hasira, mzee. Hakuwa anakuita uje kuchukua nguo. Alikuwa anauliza ufunguo. Na mwenye ufunguo mfukoni hauliziulizi uko wapi."

Mikono miwili ya Mzee Boila ilikuwa imeinuka usawa wa kifua, viganja vimetazamana, kama mtu aliyebeba gogo.

"Mimi niliongeza kuni," alisema. "Yeye anauliza, mimi najibu nakuja, na naongeza kuni."

"Hukujua."

"Sikujua. Lakini nilisema nakuja, mwanangu. Nilisema mara tatu."

Koplo alifunga daftari, akaketi kando yake kwenye benchi, na hakufanya utani wowote.

*

Msimamizi wa zamani wa dobi aliishi na mjukuu wake mtaa wa juu. Wafanyakazi walimpa jina la Bi Pasi, maana hapakuwa na aliyewahi kumwona na kunjo. Alikuwa na miaka sabini na tisa na bado alikaa wima. Vitambaa vya makochi vilikuwa vimetiwa wanga mpaka vikasimama.

"Shikamoo, mama," Inspekta alisema.

"Marahaba, binti. Kaa pale, taa ni nzuri. Huyo kijana wako afute viatu."

Koplo alirudi mlangoni kufuta viatu.

"Nimeambiwa uliongoza dobi miaka ishirini na mbili," Inspekta alianza. "Na kwamba kabla yako sabuni ilikuwa haikai."

Bi Pasi alitabasamu kidogo. "Ilikuwa inatembea yenyewe. Mche unaingia asubuhi, jioni umepata miguu."

"Ukafanyaje?"

"Niliondoa mifuko. Mtu hawezi kuiba bila pa kuficha."

"Ulimwajiri fundi?"

"Fundi wa nini! Nilikaa na wembe, aproni moja baada ya nyingine. Thelathini na sita. Zilizofuliwa na zilizovaliwa. Niliwasimamisha mstari, nikawafumua wakiwa wamezivaa."

"Hukubakiza hata mmoja?"

"Binti, mimi nilikuwa sibakizi kitu."

"Ilikuwa mwaka gani?"

Alijibu bila kusita. Ulikuwa mwaka mmoja kabla ya kifo. Koplo aliandika. Inspekta alisubiri mpaka kalamu ikasimama, kisha akatoa aproni, akaitandaza juu ya meza ya kioo, na pembeni yake akaweka ukurasa wa tisa.

"Hii ni sahihi yako?"

Bi Pasi alivaa miwani. Hakuhitaji kusoma mpaka mwisho. Alivua miwani, akaikunja, akaishika.

Nje mjukuu wake alikuwa anafagia. Ufagio ulisikika kipande chote cha ua, kutoka ngazi mpaka geti.

"Katibu ndiye aliyeandika," alisema. "Aliona aproni, akaandika mfuko. Mwanamume hajui, kwake aproni ni kitu chenye mfuko. Nilisoma, nikaona kosa lile pale pale. Nikatia sahihi."

"Kwa nini?"

"Nilifikiri itakuja siku mtu asome aulize. Nikasema, siku hiyo nitajibu." Alimtazama Inspekta. "Miaka thelathini na minne hakuna aliyeuliza."

"Nauliza sasa. Ufunguo ulikuwa wapi?"

"Kwenye mkoba wangu. Nilikuwa na kikao kwa mganga mkuu. Saa saba nilifunga kama kila siku, kwa ajili ya wezi wa shuka. Zilikuwa zimeanikwa mpaka mlangoni, niliona weupe mtupu. Yeye alikuwa nyuma kabisa, anamalizia mstari wa mwisho ili awahi kunyonyesha."

"Uliita kabla ya kufunga?"

"Sikuita."

"Kwa kawaida ulikuwa unaita?"

"Kwa kawaida nilikuwa naita." Miwani ilitoa mlio mdogo vidoleni. "Nilirudi saa kumi. Alikuwa nyuma ya mlango. Alikuwa amechukua shuka lililokuwa bichi kuliko yote, amejifunika toka kichwani mpaka miguuni, apoze mwili."

Inspekta alipitisha kidole kwenye ukurasa wa tisa. "Hilo halimo kwenye maelezo yako."

"Katibu alisema lisiandikwe."

"Kwa sababu anayetaka kufa hajifuniki shuka bichi."

"Ndiyo," Bi Pasi alisema. "Kwa sababu hiyo. Ufunguo nilimwekea mkononi mimi mwenyewe. Vidole vilikuwa vigumu." Aligusa ukingo wa aproni, mahali wembe ulipokata kitambaa. "Nilidhani watu watasahau. Wakatunga hadithi. Mjukuu wangu huyo anayefagia, alipokuwa mdogo alinikimbilia analia, bibi, Mama Shuka ananifuata na shuka lake. Nilimwambia hakuna Mama Shuka. Sikumwambia alikuwepo nani."

"Utayasema haya kwa maandishi?"

"Nitayasema. Niletee kalamu yenye wino mzuri. Na huyo kijana aandike vizuri, asiweke mfuko pasipo na mfuko."

Aliandikiwa kurasa nne. Alizisoma zote, akarekebisha herufi mbili, akatia sahihi. Faili lingepelekwa kwa mwendesha mashtaka. Inspekta alimweleza hivyo, na yeye akaitikia kwa kichwa kama mtu anayepokea zamu. Mlangoni aliuliza jambo moja.

"Yule mtoto. Anafanya kazi gani?"

"Anashona."

"Sare?"

"Sare za shule."

"Zina mifuko?"

"Miwili miwili," alisema Koplo.

Bi Pasi aliitikia tena kwa kichwa, na akafunga mlango taratibu.

*

Ijumaa saa mbili kasoro, fundi mkuu alikuwa amewapanga vijana wake uani, nyundo mabegani, wakijifanya hawaogopi. Mshonaji alikuja na binti yake, sare imepigwa pasi. Inspekta alimpa karatasi yenye muhuri wa msajili wa vifo. Mshonaji alitafuta mstari kwa kidole chake chenye alama za sindano.

Neno la zamani lilikuwa limekatwa kwa mstari mmoja. Juu yake palikuwa pameandikwa: *alifungiwa*.

"Herufi mbili zimetoka, moja imeingia," Mshonaji alisema. Akampa binti yake asome. Mtoto alisoma kwa sauti, kama wanavyosoma darasani, na vijana wa nyundo wakasikia.

Mzee Boila alikuja mwisho, bila baiskeli. Alikuwa amevaa shati jeupe lililofungwa vifungo vyote. Alifika mwanzo wa korido, akasimama.

"Mwanangu," alimwambia Inspekta, "ufunguo unao?"

Inspekta aliutoa kwenye bahasha ya ushahidi. Kwa kanuni haukupaswa kutoka humo tena bila kibali. Alimtazama Koplo. Koplo aliandika kitu daftarini.

"Jaribio la pili la kitasa," alisema. "Nimeandika, Afande."

Mzee alitembea korido nzima kwa mkono mmoja ukutani, Mshonaji akimshika kiwiko. Hatua ishirini na sita. Mlangoni mkono wake ulikosa tundu mara mbili, na Mshonaji hakumsaidia. Mara ya tatu ufunguo uliingia. Ulimi ukarudi ndani. Alisukuma mlango mpaka ukagonga ukuta, na mwanga wa asubuhi ukaingia ndani juu ya mabomba sita.

Alivua kofia.

"Shemeji," alisema. "Nimekuja."

Hapakuwa na aliyesogea. Kisha mtoto alipita katikati yao, akaingia, akatazama nyaya, kuta, bomba la saba. Aligeuka.

"Ni chumba tu," alisema.

"Ni chumba," mama yake alisema. "Bibi yako alikuwa anafanya kazi hapa."

Fundi mkuu alichukua nyundo kutoka kwa kijana aliyekuwa karibu naye, akauliza kama aanze. Mshonaji alimwomba dakika moja. Upepo ulikuwa umeanza kuuvuta mlango. Aliokota tofali koridoni, akaliweka chini yake, usijifunge.